Springi ya Kilo Sabini na Nane

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi ya Mzee Mizani ilikuwa kutomwamini mtu. Serikali ilimlipa mshahara kwa hilo, naye, kwa kuipenda kazi, aliendelea kutoamini hata siku za mapumziko. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia dukani na kisanduku chake cha mawe, akayapanga moja moja juu ya mizani ya mwenye duka, akakunja uso, na mwenye duka akaanza kukumbuka dhambi zake zote, hata zile zisizohusu sukari. Jina la Mizani alipewa na wenye maduka, wala hawakumpa kwa mapenzi.

Sasa alikuwa amestaafu, na wa nyumbani ndio waliokiona cha moto. Alipima mkate wa asubuhi. Alipima mtungi wa gesi ulipoletwa, akaupima tena ulipoisha. Shinikizo la damu lilipopanda, daktari alimwambia afanye mazoezi, atembee kidogo jioni. Watu wengine wakiambiwa watembee, hutembea. Mzee Mizani alirudi nyumbani akatangaza kwamba atapanda milima kwa baiskeli, na kwamba baiskeli yenyewe hatainunua nzima kama mtu asiye na akili. Ataiunda kipande kwa kipande, kwa bei nafuu, na kila kipande kitapita mbele ya macho yake.

"Vizuri," alisema mkewe, akarudi kwenye cherehani yake. Mama huyo alikuwa mtu wa kusema vizuri.

Aliyeshtuka ni Kitinda. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, mpiga picha za eksirei katika hospitali ya mjini, lakini kitinda mimba hata aote mvi ataitwa Kitinda. Alishtuka kwa sababu miezi michache nyuma alikuwa amemleta nyumbani mwanamume aliyetaka kumwoa, na kazi ya mwanamume huyo ilikuwa kuunda baiskeli. Mzee alimpa mgeni chai, akamtazama mikono, akamwuliza ukoo, kisha akasema atafikiri. Alikuwa bado anafikiri. Wazee wa upande wa pili walikwisha kupiga pasi mashati yao, wanangoja neno moja tu waje kuposa, na neno lenyewe Mzee alikuwa amelilalia kama kuku aliyelalia mayai.

"Sasa nimepata njia," alimwambia binti yake. "Aniundie hiyo baiskeli. Mtu hujulikana kwa kazi yake. Halafu twende mlimani, yeye na mimi. Nikirudi nitakuwa na jibu."

Fundi alipofikishiwa habari alisema sawa, hakuna neno.

Na hapo ndipo penye kidonda. Fundi alikuwa mtu mzuri, mpole, fundi wa kweli; gurudumu lililopinda aliliweka mikononi likanyooka kwa aibu. Lakini hakuwahi kumwambia mtu hapana. Mteja akitaka kitu cha kijinga, Fundi hakumwambia ni cha kijinga, alimwambia kimeisha. Katika duka lile vilikuwa vimeisha vitu ambavyo havijawahi kuwepo. Wateja walimpenda, mama yake alimpenda, mwenye nyumba aliyempangisha alimpenda, na Kitinda naye alimpenda, ila yeye alikuwa na sababu ya kuogopa.

Alikuwa ameomba nafasi ya kwenda kusoma mbali, miaka miwili, ajifunze zile mashine kubwa zinazomkata mtu vipande kwenye picha bila kumgusa. Siku ya kumwambia Fundi alijiandaa kwa ugomvi, hata maneno ya kujitetea aliyapanga njiani. Fundi alimjibu kabla hajamaliza: sawa, hakuna neno. Kitinda alilala na ile sawa usiku mwingi akiigeuza huku na huku, asijue kama ameungwa mkono au ameambiwa kimeisha. Aolewe naye au asiolewe, kwake jibu lilikuwa ndani ya neno hilo, na hakukuwa na eksirei ya kulipiga.

Baiskeli ilikwenda vizuri mwanzoni. Ilipatikana fremu ya mitumba, ya chuma, nzito lakini nyoofu, na Mzee aliipima kwa uzi kutoka kila upande kabla ya kuikubali. Magurudumu yakapatikana, gia zikapatikana, breki zikapatikana. Kikabaki kipande kimoja: uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ambayo kwa baiskeli ya mlimani huwekewa springi ndani ili mashimo ya njia yaishie kwenye chuma, yasipande mpaka kwenye meno ya mpandaji.

Siku ya kuuchagua Kitinda alikwenda nao. Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rimu zilizoning'inia darini na harufu ya grisi iliyokwisha kuwa sehemu ya ukuta. Juu ya meza Fundi alikuwa ameviweka tayari vile alivyoona vinafaa.

"Huu hauna springi kabisa, mzee," alianza. "Mwepesi, hauharibiki, na bei yake ndogo. Ila mikono itachoka."

"Mimi nimestaafu mambo ya kuchoka," alisema Mzee.

"Huu ni wa hewa. Unaujaza kwa pampu ndogo, unaongeza au unapunguza kufuata uzito wako. Mpya ungekuwa mzuri sana, lakini mpya unazidi bajeti yetu, na huu wa mitumba raba zake za ndani zimechoka. Ukiujaza asubuhi, mchana umelala."

Mzee aliubonyeza, ukapumua, akausogeza kando kwa kidole. Kisha akauona mwingine umeegemezwa ukutani, mrefu, unang'aa, una miguu minene.

"Na ule?"

Ule ulikuwa wa watu wanaoruka na baiskeli kutoka juu ya miamba. Shingo yake nene isingeingia kwenye fremu ile hata kwa nyundo, na ungeingia, ungeinua pua ya baiskeli mpaka kukata kona kukawa kazi ya kubahatisha. Kitinda aliyajua haya kwa kukaa sana dukani hapo. Alingoja aone kama Fundi atayasema.

"Ule una mwenyewe, mzee. Amekwisha kuulipia."

Mwenyewe huyo hajawahi kuonekana, na uma ulikuwa pale tangu mwaka juzi.

Ukabaki wa springi ya chuma, mpya, wa bei ya kati, urefu wa kadiri, shingo yake sawasawa na fremu. Huo Mzee aliukubali, akaugonga kwa kucha, akausikiliza. Sasa uma wa namna hiyo una jambo lake moja. Springi iliyo ndani huchaguliwa kufuata uzito wa mpandaji, laini kwa mwepesi, ngumu kwa mzito, na kile kitufe cha kukazia kilichoko juu hakigeuzi laini kuwa ngumu hata ukizungushe mpaka kesho. Fundi alitandika kitambaa akaziweka tatu, kila moja na rangi yake: buluu ndiyo laini, kijani ya kati, nyekundu ngumu. Baada ya hapo hakukuwa na njia ila kuuliza.

"Samahani, mzee. Uzito wako?"

"Sabini na nane."

Jibu lilitoka bila kigugumizi, kama mtu anayetaja mwaka wake wa kuzaliwa. Kiti alichokalia kilitoa maoni yake, lakini kiti si shahidi. Kutoka darini ilining'inia mizani ambayo Fundi hupimia fremu na mizigo ya wateja. Mzee alikwisha kuikagua alipoingia, akasema inapunja kidogo na irekebishwe. Kujipima yeye mwenyewe halikuwa jambo la kumjia akilini. Mizani ni ya wengine. Mganga hajigangi.

Kitinda alimtazama baba yake, kuanzia shingo mpaka lile tumbo lililomtangulia kuingia dukani. Kazini kwake kila siku lazima akisie unene wa mwili kabla ya kubonyeza kitufe, picha isije ikaungua au ikafifia, na hukosea mara chache. Hiyo ilikuwa kilo mia kasoro kidogo. Akamtazama Fundi. Naye alikwisha kukisia, ilimwonekana machoni. Mkono wake ulikuwa umekwenda mpaka kwenye springi nyekundu ukasimama juu yake.

Sema, Kitinda alimwomba moyoni. Neno moja tu.

"Sabini na nane," alisema Fundi taratibu. "Nilidhani labda, kwa milima yetu hii, mzee, wengi huchukua ngumu kidogo."

"Wengi ni wanene. Mimi nipe iliyo halali yangu."

Kusema laini zimeisha haikuwezekana. Ilikuwa mezani, buluu, mbele ya mtu aliyewahi kumnyang'anya mwenye duka mizani huku wateja wamejipanga foleni.

"Sawa, mzee," alisema Fundi. "Hakuna neno."

Akachukua ya buluu. Mzee alitoka pale ameridhika kabisa. Kijana anasikia, alimwambia binti yake njiani, na kwa Mzee hiyo ilikuwa sifa ya mwisho anayoweza kupewa binadamu.

Jioni ya pili Kitinda alirudi dukani peke yake.

"Ulimwona," alisema.

"Nilimwona."

"Sabini na nane ni kutoka kiunoni kwenda juu."

Fundi alicheka, kisha akaacha. "Ulitaka nifanyeje? Nimwite baba yako mwongo, dukani kwangu, na wewe umesimama pale? Angenipa binti?"

"Ulikuwa unachagua springi au unachumbia?"

"Siku ile havikuwa vitu viwili."

Hilo lilikuwa kweli, na Kitinda hakulipenda kwa sababu lilikuwa kweli. Fundi akaendelea kwamba hata kubadilisha kimyakimya asingeweza, kwa kuwa Mzee angeufungua uma akague rangi, na Kitinda anamjua baba yake. Kitinda akamwambia hataki abadilishe kimyakimya. Anataka amwambie.

"Nitamwambia," alisema Fundi. "Kabla hatujapanda mlima. Sawa?"

"Sawa yako, au sawa ya wateja?"

"Yangu."

Alitamani kuamini, akaamini nusu. Nusu nyingine alikwenda nayo nyumbani, akamkuta mama yake kwenye cherehani na suruali ya Mzee mapajani.

"Mama, hivi baba anaamini kweli ana kilo sabini na nane?"

"Anaamini."

"Amejipima lini?"

"Kabla hujazaliwa." Mama aliinua suruali akamwonyesha. Kifungo cha kiunoni kilikuwa kimesogezwa, na karibu yake palikuwa na matundu ya uzi wa vifungo vilivyotangulia, mstari mzima. Nyuma, kwa ndani, kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichoungwa kwa ustadi mkubwa, kisha kingine kilichoungwa kwenye kile. "Kila mwaka nasogeza kidogo. Akiivaa inamwingia. Ananiambia, unaona, sijabadilika hata kidogo."

"Na hukuwahi kumwambia?"

"Mwaka wa kwanza nilitaka. Siku hiyo alikuwa amechoka, nikasema kesho. Kesho yake kukawa na wageni." Mama alikata uzi kwa meno. "Baadaye, mwanangu, ungeanzia wapi?"

Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza namna ya kukunja shuka. Kitinda aliogopa. Alijiona yeye mwenyewe na sindano mkononi, miaka mingi mbele, au mbaya zaidi, alijiona yeye ndiye anayevaa hiyo suruali, anazunguka mjini na furaha, na mume mpole nyumbani anamsogezea vifungo.

Angeweza kumwambia baba yake mwenyewe. Maneno hayakuzidi matatu. Aliambia nafsi yake kwamba anamheshimu mzazi, lakini si heshima iliyomfunga mdomo. Alitaka Fundi aseme. Alitaka kujua kama ulimi ule una neno jingine zaidi ya sawa na kimeisha, na kwa ajili ya kujua, alikuwa tayari kuiacha springi ya buluu ndani ya uma mpaka Jumamosi, siku ya mlima.

Mlima wenyewe ulikuwa kilima cha nyuma ya mji, penye minara ya simu, na njia yake ilikuwa ya kokoto na mizizi. Mzee alifika amevaa kofia ngumu aliyoikagua na glavu mpya. Alipoikalia baiskeli, uma wa mbele uliketi naye, ukazama mpaka karibu na mwisho, ukabaki huko.

"Laini," alisema Mzee kwa raha. "Kama godoro."

Kitinda alimtazama Fundi.

"Mzee," alisema Fundi. "Kuna jambo nilitaka kukuambia kabla hatujaanza."

"Sema."

Fundi akafungua mdomo. Ndege walilia mtini, gari likapita barabarani, na Mzee akamtazama kwa yale macho yaliyowahi kuwafanya wenye maduka wazima watetemeke.

"Tairi," alisema Fundi. "Nimezipunguza upepo kidogo, zishike vizuri kwenye kokoto."

"Umefanya la maana."

Wakapanda. Fundi hakumgeukia Kitinda hata mara moja.

Kupanda hakukuwa na tatizo, maana mtu anayepanda polepole hahitaji springi, anahitaji mapafu, na Mzee alisimama kupumzika kila alipoona mandhari. Aliona mandhari mara nyingi. Kitinda aliwangoja chini, amekaa kwenye ukingo wa daraja dogo na chupa ya maji. Aliwaona wanaanza kushuka, baba yake mbele kama ilivyo ada, Fundi nyuma, anapaza sauti: polepole, mzee, polepole. Wakati wa kusema la maana ulikuwa umepita, sasa alikuwa na sauti kubwa.

Karibu na chini pana mfereji uliokatwa na maji ya mvua. Mzee aliuona, akabana breki zote mbili. Uzito wote ukaja mbele, ule wa kwenye suruali na ule wa kwenye mdomo, springi ya buluu ikajitahidi kadiri ya uwezo wake, ikagonga mwisho, na pua ya baiskeli ikaingia mferejini. Mzee hakuingia nayo. Alipita juu ya usukani kwa utulivu wa ajabu, akatua kwa bega.

 Kitinda alikimbia huku analia, na alichokuwa akijiambia njiani si kitu cha kumwambia mtu mwingine. Baba yake alikuwa hai, amefunikwa vumbi, na la kwanza alilouliza ni kama baiskeli imepinda.

Hospitalini picha aliipiga mwenyewe, ingawa haikuwa zamu yake, maana mwenzake wa zamu alikuwa anakula. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika mahali pamoja, vizuri kabisa, hata mwanafunzi angeuona. Muuguzi akaja kumpa dawa ya maumivu, akauliza uzito wa mgonjwa ili ajue kiasi.

"Sabini na nane," alisema Mzee kwa mazoea.

Muuguzi, ambaye hakuwa na haja ya kuposa kwao, alimwonyesha mizani iliyokuwa pembeni. "Panda."

Tisini na saba.

"Ni viatu," alisema Mzee.

Akavuliwa viatu. Vilikuwa viatu vyepesi. Mzee akasema basi mizani mbovu, akainama kwa taabu, mkono mmoja umefungwa kifuani, akatafuta muhuri wa ukaguzi pale chini. Muhuri ulikuwepo, na namba ya mkaguzi ilikuwepo, safi, inasomeka. Ilikuwa namba yake. Aliipitisha mwenyewe mwaka aliostaafu. Alibaki ameinama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma namba, na alipoinuka alikwenda kuketi kwenye benchi la ukumbini, mtu mzito.

Fundi alikuwa amesimama ukutani, ana matope mpaka kwenye nyusi.

"Ulijua?" Mzee alimwuliza.

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

"Na bado ukanipa ya buluu."

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Mzee aliutazama mtulinga wake. Heshima ilikuwa nzima kabisa. Kitinda alishika pumzi, na mama, aliyefika na kikapu cha nguo safi, alishika kikapu. Wote walingoja ile sauti ya kunyang'anya mizani.

"Waambie wazee wako waje," alisema Mzee.

Fundi hakuelewa. Mzee akamfafanulia, kwa sauti ya mtu aliyefikiri jambo akalimaliza. Vijana wa siku hizi wana midomo. Kila mmoja anajua kuliko wakubwa. Huyu alikuwa radhi kumwona mkwewe anaruka hewani kuliko kumpinga mbele ya mtoto wake. Adabu ya namna hiyo ataipata wapi tena? Posa imekubaliwa.

"Vizuri," alisema mama.

Fundi alishika mkono mzima wa Mzee kwa mikono yake yote miwili, akainama, machozi yakamlenga. Ilikuwa picha nzuri ya familia. Kitinda peke yake ndiye aliyekuwa amesimama pembeni, ameshika bahasha ya eksirei, na moyoni hakuwa na furaha hata ya kukopa. Baba yake aliyekagua mji mzima alikuwa ameipitisha kasoro ile ile, akaigongea muhuri. Kazi ya kukagua ilikuwa imebaki kwake.

Jumatatu jioni alikwenda dukani. Fundi alikuwa ameubana uma kwenye jiliwa, ameitoa springi ya buluu, anapaka grisi ile nyekundu. Mzee aliiagiza kwa simu akisema tu "ile nyingine", bila kutaja namba.

"Wazee wanauliza Jumamosi hii au ijayo," alisema Fundi. Alikuwa na furaha, na furaha ilimpendeza, jambo lililozidi kumtia Kitinda ugumu.

"Kwanza nijibu kitu. Habari ya mimi kwenda kusoma."

"Si tulishaongea? Sawa tu, haku..."

"Usinijibu hivyo. Baba ulimjibu hivyo, nikampiga picha."

Fundi aliiweka springi chini. Akachukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Unataka niende, au hutaki?"

Kitinda alimwona akitafuta jibu litakalopendeza. Macho ya Fundi yalikuwa usoni pake, yanasoma, kama anavyowasoma wateja kabla hawajataja wanachotaka. Hakumsaidia. Aliuvaa ule uso anaouvaa kazini mgonjwa akimwuliza kama mfupa umevunjika, na si kazi yake kusema.

"Sitaki," alisema Fundi mwishowe. Sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. "Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nilisema sawa kwa kuwa nilidhani hawatakuchukua."

Ilimchoma. Huyu ndiye aliyembebea vyeti kwenda kupiga nakala. Huyu ndiye aliyemwambia usijali, utapata, huku moyoni anaomba akose. Kitinda aliudai ukweli kwa wiki nzima, na sasa ulipofika alitamani kuurudisha ulikotoka.

"Wamenichukua," alisema. "Barua imekuja. Nakwenda."

Fundi alitazama meza. "Basi unakwenda."

"Utanisubiri?"

Aliiona ndiyo ikimjia mdomoni, tayari, laini, haina mkunjo. Aliiona ikifika kwenye meno. Fundi akafunga mdomo akaimeza.

"Sijui," alisema. "Nataka nikuambie ndiyo. Lakini sijui."

Kitinda alivuta kiti akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa na uchungu na alikuwa na hasira, na pamoja na hayo yote alijua kwamba katika kila alichowahi kuambiwa na mtu huyu, hili ndilo la kwanza analoweza kulikanyaga kwa uzito wake wote.

"Waambie wazee wasije Jumamosi," alisema. "Wala ijayo."

"Waje lini?"

"Ukishajua."

Fundi akaichukua springi nyekundu, akaitumbukiza ndani ya mguu wa uma.

"Hilo silipendi," alisema.

"Hata mimi silipendi," alisema Kitinda, akainuka, akaushika uma upande wa pili ili Fundi aweze kuukaza.